Mkaango Usio na Pilipili

Mgeni aliyeitafuta nyumba ya Mwanatumu binti Zubeiri mjini Kismayo hakuhitaji kuelekezwa sana. Aliambiwa apite msikiti, ashike kichochoro cha kushoto, na pale atakapoanza kupiga chafya, abishe hodi. Mwanatumu alikuwa mpika achari. Achari yake ilikuwa ya embe mbichi na ndimu, na pilipili, ile nyekundu nyembamba yenye hasira. Mabaharia waliipenda kwa kuwa haiozi njiani, na kwa kuwa mtu akila wali na papa mkavu siku nenda siku rudi, ulimi hutaka kuamshwa. Zama hizo ni za Mtaliana, na duka la Mtaliana lililokuwa karibu na bandari lilitupa chupa nyingi za mafuta. Mwanatumu aliziokota, akazichemsha, akazijaza achari. Zilizokuja na mafuta ya Ulaya zilisafiri tena na moto wa Kismayo.

Kwao ni kisiwa cha Chula. Kismayo alikuja kwa ndoa, kuolewa na Fumo, fundi wa mashua kutoka kisiwa cha Chovae, mtu mpole ambaye kazi zake zilimweka mbali na nyumba zaidi ya alivyopenda. Wakati wa mambo haya Fumo alikuwa mbali, bandarini Burgao, anashughulikia mashua iliyopasuka mkuku, ule uti wake wa chini, na hakuna aliyejua lini angemaliza. Kwa hiyo nyumbani alikuwa Mwanatumu, mwanawe Idarus aliyekuwa ndiyo kwanza amezoea kutembea bila kushika ukuta, na jiwe la kusagia.

Jiwe hilo tulitazame vizuri, maana ndilo lililoleta balaa. Kila alfajiri baada ya sala, Mwanatumu alipiga magoti mbele yake akasaga pilipili mpaka jua lichomoze. Alisaga kwa mikono mitupu kama mamake na nyanyake. Alisukuma, akavuta, akakusanya kwa vidole, akasukuma tena. Mwanzoni mwa ujana wake mikono ilimuwasha hata akalia. Baadaye ikazoea. Mkono wa mpika achari ukishazoea hausikii kitu, kama nyayo za mvuvi juu ya mawe ya pwani. Na ulimi wake ulikuwa vivyo hivyo. Mwanatumu aliweza kutafuna pilipili nzima huku akizungumza, wala chozi lisimtoke.

Basi akapata mimba ya pili. Na mama akipata mimba, mtoto aliye ziwani huachishwa. Hilo halikuwa na mjadala. Wanawake wengi hupaka shubiri kwenye chuchu, mtoto akionja uchungu anakata tamaa mwenyewe. Mwanatumu shubiri hakuwa nayo. Pilipili alikuwa nayo, nyumba nzima. Akachovya kidole, akapaka, akamwita Idarus aje anyonye.

Idarus alinyonya mara moja tu. Kilio alichotoa kilimtoa jirani Mashavu nyumbani kwake na mwiko mkononi, akidhani kuna mtu ameungua. Tangu siku hiyo mtoto hakutaka ziwa hata kulitazama. Mwanatumu alijisifu kwa kazi nyepesi kiasi hicho, na sitaficha: alikuwa mwepesi wa kujisifu.

Habari zikavuka maji zikamfikia mavyaa yake, Bi Barke, mamake Fumo, aliyekuwa akikaa peke yake Chovae. Bi Barke akamtuma mtu na maneno. Kwao, alisema, mtoto akiachishwa, hulishwa na mkono uleule uliomwachisha. Tonge kwa tonge, mpaka kinyongo kimtoke. Asilishwe na jirani, asilishwe na shangazi, wala asiachiwe kula mwenyewe sinia moja na wenzake. Mkono uliomnyima ndio umpe. Mkwe yeyote angeweza kulipuuza neno la mavyaa aliye mbali, lakini Mwanatumu alitaka sana kusifiwa Chovae. Akalishika neno lile kama amri.

Akaanza kumpikia Idarus chakula chake mbali na cha wakubwa, na alikipika kwa mapenzi. Alichukua minofu ya samaki aina ya changu, akaichambua mwiba kwa mwiba. Akakata boga vipande vidogo kama ukucha, na bamia changa, na mchicha uliotoka mashamba ya mtoni, na nyanya iliyomenywa ganda. Akabandika karai juu ya moto mkali, akatia mafuta ya simsim, yakianza kunukia akatia kitunguu kidogo, kisha boga kwa kuwa ndilo gumu, kisha vingine, akivigeuza na kuvigeuza bila kuinua macho, viive upesi visipondeke, rangi zibaki. Samaki alimtia mwishoni. Chumvi kidogo, tui la nazi kijiko, basi. Pilipili hakuna. Hata pilipili manga hakuna. Akaupakua mkaango juu ya ubwabwa laini, akakaa kitako, akamwita mwana.

"Idarusi, ndoo mwanangu, ndoo kwa mama."

Idarus alikuja, akafungua kinywa, akapokea tonge. Uso ukamkunjamana. Akatema, akalia, akakimbilia nyuma ya mlango.

Siku ya pili vilevile, na ya baadaye vilevile. Mwanatumu akaondoa kitunguu, akidhani kinamkera. Akaondoa bamia. Akaondoa samaki, akaacha boga tupu na wali tupu. Mtoto akikaribia, akipokea, analia. Maziwa ya mbuzi alikunywa kikombeni mwake mwenyewe, na tende akiiona mahali aliiba akakimbia nayo. Lakini cha mkono wa mamake hakukitaka. Uso wa mtoto ukaanza kukonda, na mbavu zikaanza kuhesabika.

Jirani Mashavu alikuwa na mapacha wa rika moja na Idarus, wasichana wawili wanene wasiokataa kitu chini ya jua. Mwanatumu akiona mkaango unabaki, aliwaita wale mapacha, wakajilia wenyewe kwa mikono yao, wakalamba sinia. Jambo hilo lilimuuma kuliko kukataliwa. Maana kama mapacha wanakula, basi chakula hakina kasoro. Na kama chakula hakina kasoro, kasoro ni ya nani?

Mashavu hakuchelewa kulijibu swali lile.

"Ulimtia mwana pilipili ziwani, shoga," alisema siku moja kwa lugha yao ya visiwani, ambayo mtu huwa mchu, akiwafuta wanawe midomo. "Amekuwekea kinyongo. Mwana mdogo ni mchu mzima, hasahau."

"Pilipili usoila yakuwashiani?" Mwanatumu alimjibu. "Chukua wanao, wameshiba."

Alijibu kwa ukali kwa sababu alikwisha kuamini. Kila akilala alijiona ameketi na ziwa lake lililopakwa moto, na mtoto anamjia akicheka. Alijichukia. Mtu hujichukia zaidi kwa kosa alilolifanya akiwa amefurahi.

Kisha Bi Barke akaja mwenyewe. Alifika kwa mashua ya Gharibu, jamaa wa Chovae aliyeleta samaki wakavu Kismayo, akaingia uani na kikapu cha kasa wa kukausha na mkeka mdogo usiowahi kulaliwa, uliosukwa kwa ukindu wa rangi. Mwanatumu aliuona ule mkeka, na moyo wake ukashuka. Mkeka wa kiasi kile haukuwa wa mtu mzima.

Bi Barke alimchukua mjukuu wake, akamwinua, akamshusha. Akashika mkono wake kwa vidole viwili, akaupima unene.

"Mwana amekuwa mwepesi hivi?"

"Hali, mama. Nimepika kila kichu. Hali."

"Unamlisha kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu mwenyewe, mama, kama ulivyoniagiza. Hakuna mchu mwingine aliyemlisha."

Bi Barke alimpapasa mtoto mgongoni. Hakuwa mwanamke mbaya, tusije tukamsingizia. Alikuwa mjane aliyezoea kuamua mambo peke yake kwa sababu hakuwa na wa kuamua naye. "Pika sasa," alisema. "Nione."

Mwanatumu akapika. Alipika kama mtu anayeshitakiwa. Boga, mchicha, samaki, tui. Bi Barke alisimama nyuma yake mwanzo hadi mwisho, akaonja kutoka kwenye mwiko, akatikisa kichwa kwa kukubali. Mkaango ulikuwa mtamu. Kisha wakakaa ukumbini, sinia kati yao, na Mwanatumu akanawa mkono kwa maji ya birika, akafinyanga tonge, akampelekea mwanawe.

Idarus alipokea, maana njaa ilikuwa inamsumbua. Akatema, akalia kilio kilekile.

Bi Barke naye akanawa. Akafinyanga tonge kutoka sinia lilelile, upande uleule, akampa. Mtoto alisita, akalilamba kwa ncha ya ulimi, akalimeza, akafungua kinywa tena. Bi Barke akampa la pili, na la tatu, na baada ya hapo mtoto akajisogeza mapajani mwake, akala mpaka sinia likabaki tupu, huku bado ana makamasi ya kilio mdomoni.

Mwanatumu alitazama yote hayo. Hakuna kitu kilichowahi kumuuma hivyo, hata uchungu wa kuzaa.

"Mwana amenena," alisema Bi Barke, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililofanya maneno yazidi kuwa mazito. "Nilikuya na nia ya kutazama tu, nikachukua mkeka kwa tahadhari. Lakini mwana akiukataa mkono wa mamake si wa kulazimishwa, atakufa. Gharibu anaondoka kesho maji yakijaa. Nitakwenda naye Chovae. Utazaa huyu ulio naye, utapumzika, na Idarusi akisahau utamchukua."

"Atasahau lini, mama?"

"Mungu ndiye ajuaye."

Mwanatumu alijua maana yake. Watoto waliopelekwa visiwani kwa bibi zao walirudi wakiwa na meno yote, wanawaita mama zao kwa majina. Fumo angekuwapo, labda angesema neno. Lakini Fumo alikuwa Burgao, na hata angekuwapo, Fumo hakuwahi kumpinga mamake. Mwanatumu akasema, "Haya, mama," akainuka, akaenda chumbani kukusanya nguo za mwanawe.

Nguo zenyewe zilikuwa kidogo. Kanzu ya Idi, kofia ambayo bado ilikuwa kubwa, vikoi vichakavu viwili. Alipoikunja kanzu, kilio kikamshinda. Akakaa kitandani, akalia, akajifuta macho kwa vidole.

Macho yakawaka.

Mpika achari yeyote amewahi kujiunguza jicho. Hilo si ajabu. Mwanatumu alipapasa ukuta, akaufikia mtungi, akajimwagia maji usoni huku akilaani. Lakini maji yalipomtuliza kidogo, akasimama palepale akitiririka, akafikiri. Pilipili alisaga alfajiri. Sasa ni alasiri. Katikati ametawadha kwa adhuhuri, amefua, amepika, amenawa mbele ya mavyaa yake. Vidole vilikuwa safi kama vya bibi harusi. Moto huu umetoka wapi?

Akakitia kidole kinywani. Hakusikia kitu. Akakilamba tena, mpaka chini ya ukucha. Kitu hakuna. Lakini ulimi wake ulikuwa shahidi gani? Ulimi wake usingesikia hata kaa la moto.

Akatoka ukumbini macho mekundu, nywele zimelowa. Bi Barke alikuwa ameketi, Idarus amelala mapajani mwake. Mwanatumu alipiga magoti mbele ya mavyaa yake na kunyoosha kidole.

"Mama," alisema, "nisamehe. Kilambe."

Bi Barke alimtazama. Alidhani huzuni imemgeuza akili mkwe wake. "Nilambe nini?"

"Kidole changu, mama. Nakuomba. Kilambe."

Hakuna adabu ya pwani inayomruhusu mke kumwambia mavyaa yake alambe kidole chake. Mwanatumu alijua, na aliendelea kukinyoosha. Pengine Bi Barke aliona kitu katika uso ule, au pengine alitaka tu kumtuliza kichaa. Aliinama akakigusa kidole kwa ulimi, harakaharaka, kama mtu anayeonja dawa.

Akaruka. Idarus akaporomoka mapajani, akaamka analia.

"Ya Rabi! Maji! Nipe maji!" Bi Barke alijipepea kinywa kwa ncha ya mtandio, machozi yanamtoka. Alikunywa maji ya birika yote, na hayakumsaidia. "Umepaka nini, wewe mwana?"

"Sijapaka kichu, mama. Nimenawa. Umeniona nikinawa." Mwanatumu alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ni jiwe. Ni jiwe langu. Miaka yote pilipili imeingia kuchani, haitoki kwa maji. Sikuwa namlisha boga, mama. Nilikuwa namlisha vidole."

Bi Barke alipoza ulimi wake hewani bila haya. Kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika. Yeye ndiye aliyeagiza mkono uleule. Bila agizo lake mtoto angekula sinia moja na mapacha wa jirani, akanenepa, wala asingejua mtu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema taratibu. "Chetu kilikuwa mkononi. Lete simsim. Lete majivu."

Akamkalisha Mwanatumu uani kama bibi harusi anayesingwa. Alimmwagia mafuta ya simsim viganjani, akayasugua kidole kwa kidole, akamkata kucha mpaka nyamani, akasugua tena kwa majivu, akasuuza, akarudia mafuta. Alikuwa na nguvu za mtu aliyeparuza samaki maisha yake yote. Kila baada ya muda alishika kidole kimoja, akakilamba, akakunja uso, akaendelea. Mashavu alichungulia juu ya ukuta akaona mama mtu mzima anamlamba mkwe wake vidole, na akarudi nyumbani kwake bila kuuliza. Jua likapungua, wakaendelea. Mwishowe Bi Barke akalamba kidole cha mwisho, akatafakari, akasema, "Huyu ni mchu sasa."

Lakini kesho yake asubuhi lilibaki jambo moja ambalo wote wawili hawakulifikiria. Mkono ulikuwa umesafika, na Idarus hakuwa na habari.

Mwanatumu hakugusa jiwe asubuhi ile. Alipika mkaango uleule, akakaa, akafinyanga tonge. Idarus aliuona mkono wa mamake unakuja, akafumba mdomo, akageuza uso ukutani. Akambembeleza. Akamwimbia. Mtoto akazidi kukaza midomo, akingojea maumivu. Kutoka pwani ilisikika sauti ya Gharibu akiita abiria. Maji yalikuwa yamejaa. Mkeka mdogo ulikuwa umeviringishwa karibu na mlango, na kanzu ya Idi imo ndani yake.

Tonge lilikuwa linapoa mkononi mwa Mwanatumu. Alijua kwamba akimlazimisha, ndiyo basi.

Hapo Bi Barke akasogea. Alikaa sakafuni karibu na mjukuu wake, akanyoosha miguu kama mtoto, akamwelekea mkwe wake, akafungua kinywa.

Mwanatumu hakuelewa upesi.

"Nilishe," alisema Bi Barke. "Nina njaa."

Mwanatumu akamlisha. Mavyaa yake, mwenye mvi, bibi wa nyumba yake, alipokea tonge kutoka mkononi mwa mkwe, akatafuna, akameza, akafungua kinywa tena. Idarus aligeuza uso kutoka ukutani. Alimtazama bibi yake akila. Alingojea bibi naye alie. Bibi hakulia, alilamba midomo. Tonge la pili lilipopita mbele yake, Idarus alilifuata kwa macho. La tatu alilishika kwa mikono yote miwili pamoja na vidole vya mamake, akalivutia kinywani mwake.

Akatafuna. Akameza, akasema neno lake moja la chakula, "Hamu," na akafungua kinywa.

Mwanatumu alimlisha huku machozi yakimdondoka, na safari hii hakuyafuta.

Gharibu alichoka kuita, akaja mpaka mlangoni, akauliza kama mzigo upo tayari. Bi Barke alimpa chupa za achari ampelekee binamu yake wa Chovae, na akamwambia aondoke na Mungu. "Na wewe, Bi Barke?" aliuliza Gharibu.

"Mimi nabaki hapa mpaka huyu mwenzangu azae."

Mwanatumu alidhani amesikia vibaya. Alikuwa tayari amepiga hesabu yake: ataacha achari, angalau mpaka mtoto aliye tumboni azaliwe naye aachishwe, na Mungu atajua wakale nini. Bi Barke hakumpa nafasi ya kusema. Alikwenda uani, akakunja kanga, akapiga magoti mbele ya jiwe, akalipapasa kama anayemkagua punda kabla ya kumnunua.

"Mama, acha, mikono yako itaungua."

"Na iungue. Wewe mlishe mwana." Akatia pilipili za kwanza juu ya jiwe. "Nyumbani kwangu Chovae sina mchu wa kumlisha. Nani atajua mikono yangu inawasha au haiwashi?"

Ndipo Mwanatumu alipofahamu kwamba ule mkeka ulisukwa na upweke, na kwamba ulikuwa umesukwa zamani, kabla ya habari yoyote ya mtoto kukataa kula. Alikwenda akauchukua mlangoni, akaukunjua, akautandika ukumbini, karibu na kitanda cha mavyaa yake.

Bi Barke alisaga siku hiyo na siku zilizofuata, akipiga chafya na kulalamika, na achari ikazidi kuwa kali, mabaharia wakaisifu. Jioni Idarus alikuwa akimkimbilia mikono wazi, kwa kuwa alikuwa amempenda. Bi Barke aliinua mikono yake juu, mbali naye, akaiweka nyuma ya mgongo wake.

"Usinishike, mwanangu," alimwambia. "Nenda kwa mamako."